Wakili Aliyetaka Kusoma Msimbo wa Moyo Wake

Kutetea programu huria ni kudai kwamba kila anayetumia kompyuta awe na haki nne: kuiendesha programu kwa shughuli yoyote anayoitaka, kusoma na kubadilisha msimbo wake, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia pia toleo alilolirekebisha mwenyewe. Aliyeziweka haki hizo mezani ni Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani ambaye tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, na Oktoba 1985 akaanzisha shirika la Free Software Foundation. Kizazi chake kilikuwa cha waandishi wa programu waliokuwa wahubiri pia. Kizazi kilichowafuata kilileta watu wa aina nyingine: mawakili, wahasibu, waandaaji wa mikutano, watu wanaojua kujaza fomu za kodi bila kulalamika. Karen Sandler ni wa kizazi hicho cha pili, na anayetaka kuelewa kazi hii inamdai nini mtu atajifunza mengi kwake kuliko kwa waasisi wenyewe, kwa sababu waasisi walijitungia kazi yao, ilhali yeye aliikuta na kuichagua.

Sandler alisomea uhandisi katika chuo cha Cooper Union mjini New York, chuo ambacho kwa miongo mingi kiliwasomesha vijana wake bila ada. Akaingia kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Columbia na kuhitimu mwaka 2000. Miaka iliyofuata alifanya kazi katika kampuni kubwa za uwakili, New York na London. Hiyo ni njia ya kawaida kabisa kwa wakili kijana mwenye alama nzuri, na hakuna hatua ndani yake inayoashiria uanaharakati. Mwaka 2005 Profesa Eben Moglen wa Columbia alifungua Software Freedom Law Center, ofisi ya mawakili wanaowahudumia bila malipo waandishi wa programu huria, na Sandler akajiunga nayo. Mshahara wa ofisi ya namna hiyo haulingani na wa kampuni kubwa. Hilo halihitaji takwimu.

Kazi ya mawakili hao haieleweki mpaka ieleweke leseni ya GPL. Stallman aliona kwamba sheria ya hakimiliki, ambayo kampuni huitumia kuufunga msimbo, inaweza pia kutumiwa kuulinda usifungwe. Mwandishi anabaki na hakimiliki yake, kisha anampa kila mtu ruhusa ya kunakili, kubadilisha na kugawa kwa sharti moja kubwa: anayegawa programu lazima atoe na msimbo wake, yaani maandishi ambayo binadamu huyaandika kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, na autoe chini ya leseni ile ile. Asiyetimiza sharti hupoteza ruhusa, na akiendelea kugawa huwa amevunja sheria ya hakimiliki. Toleo la kwanza la leseni hiyo lilitoka mwaka 1989, la pili 1991, la tatu 2007. La pili ndilo linaloitawala kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, na kwa hiyo limo ndani ya simu za Android, ruta za intaneti, televisheni za kisasa, magari na seva nyingi za dunia. Lakini leseni ni maneno kwenye karatasi. Inapata nguvu pale tu anapokuwepo mtu aliye tayari kuandika barua, kusubiri miezi, kuandika nyingine, na hatimaye kwenda mahakamani. Mwaka 2007 ofisi ya Moglen ilifungua kesi ya kwanza ya kukiukwa kwa GPL nchini Marekani kwa niaba ya waandishi wawili wa BusyBox, programu ndogo inayokaa ndani ya maelfu ya vifaa vya nyumbani bila mwenye nyumba kujua.

Sandler ameeleza hadharani mara nyingi kwamba mwanzoni aliiona programu huria kuwa jambo zuri na lenye manufaa, basi. Kilichombadilisha ni moyo wake, na hapa si fumbo. Akiwa na umri wa miaka 31 aligunduliwa kuwa na ugonjwa unaofanya misuli ya moyo iwe minene kupita kiasi. Aliambiwa kwamba uwezekano wa kufa ghafla ulikuwa kati ya asilimia 2 na 3 kila mwaka, hesabu inayojilimbikiza kadiri miaka inavyokwenda. Kinga iliyokuwepo ni kifaa cha kushtua moyo: kisanduku kidogo kinachopandikizwa kifuani chini ya ngozi, chenye waya unaoingia moyoni, ambacho hukaa kikiyasoma mapigo usiku na mchana na kuupiga moyo umeme pindi unapoanza kwenda mbio kwa namna ya hatari. Kifaa hicho ni kompyuta. Programu iliyomo ndiyo inayoamua mapigo gani ni hatari na yapi ni ya mtu aliyepanda ngazi kwa haraka.

Kabla ya kukubali kupasuliwa aliuliza kama anaweza kuusoma msimbo huo. Daktari hakuelewa swali. Mwakilishi wa kiwanda naye hakulielewa. Sandler akapiga simu kwa watengenezaji, akajitolea hata kutia saini mkataba wa kutunza siri, asipate ruhusa popote. Mwishowe aliwekewa kifaa bila kuona hata mstari mmoja wa msimbo, kwa sababu upande wa pili wa mizani ulikuwa kifo.

Mtu anaweza kuuliza: angepewa msimbo huo, angeufanyia nini? Yeye ni mwanasheria aliyesomea uhandisi, si mtaalamu wa vifaa vya moyo, na mgonjwa wa kawaida hana hata elimu hiyo. Swali ni la haki, na watetezi wengi hulijibu vibaya kwa kudai kwamba msimbo ulio wazi hauna kasoro. Una kasoro, tena nyingi; kila programu inazo. Jibu lenye uzito ni jingine. Mgonjwa haisomi ripoti ya maabara kama daktari anavyoisoma, lakini ananufaika kwa kuwa inaweza kupelekwa kwa daktari wa pili. Msimbo uliofungwa hauna daktari wa pili. Aliyeuandika ndiye anayeukagua, ndiye anayeamua kama kasoro ni kubwa au ndogo, na ndiye mwenye hasara kasoro hiyo ikitangazwa. Kwa kawaida hata mamlaka ya Marekani inayoidhinisha vifaa vya tiba haikuwa ikiusoma msimbo wenyewe. Ilitegemea maelezo na majaribio ya mtengenezaji.

Mambo mawili yalitokea mwaka 2008 yaliyoupa wasiwasi huo sura ya kisheria na ya kiufundi. Mwezi Februari, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Riegel dhidi ya Medtronic, kwa kura 8 dhidi ya 1, kwamba kifaa cha tiba kilichopitia uidhinishaji kamili wa serikali kuu kimekingwa dhidi ya madai mengi ya fidia chini ya sheria za majimbo. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliyeumizwa alikuwa amefungiwa mlango mmoja mkubwa wa kumwajibisha mtengenezaji. Mwaka huo huo watafiti wa vyuo vikuu vya Washington na Massachusetts, pamoja na hospitali moja ya Boston, walionyesha kuwa kifaa cha kushtua moyo kinachowasiliana kwa mawimbi ya redio kinaweza kuamriwa na mtu wa nje kimpige mgonjwa umeme au kijimalizie betri. Sandler, aliyekwisha kuyafuatilia mambo haya kwa karibu, alichagua kifaa cha zamani kisicho na redio. Julai 2010 ofisi yake ilitoa andiko lenye kichwa Killed by Code, akiwa mwandishi wake mkuu, linalopanga hoja hizo moja baada ya nyingine kwa utulivu wa kiwakili. Ni andiko la kurasa chache, na ubora wake uko katika kujizuia: haliombi huruma.

Baadaye alipokuwa mjamzito hoja ilimrudia mwilini. Moyo wa mama mjamzito huenda kasi zaidi, na mapigo yanayorukaruka ni jambo la kawaida kwa wajawazito. Kifaa chake kikayasoma kuwa hatari, kikampiga umeme zaidi ya mara moja pasipo haja. Njia pekee iliyopatikana ilikuwa kumpa dawa za kuupunguza moyo kasi hadi ajifungue. Hakukuwa na ubaya wa mtu hapo. Wengi wanaowekewa vifaa hivi ni watu wa makamo na wazee, wengi wao wanaume, na programu iliandikwa ikiwawaza hao. Mjamzito hakuwemo katika mawazo ya waandishi, na kwa kuwa msimbo ulifungwa, hakuna mtu mwingine aliyeweza kumwingiza. Kisa hiki kinaeleza haki ya kubadilisha programu kuliko risala kumi.

Soko la vifaa hivi duniani liko mikononi mwa kampuni chache za Marekani na Ulaya, kwa hiyo mgonjwa anayewekewa betri ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, yuko katika hali ile ile, isipokuwa yuko mbali zaidi na mahakama za nchi ya kiwanda. Oktoba 2015 ulipatikana ushindi mdogo: baada ya maombi ya kundi la watu wanne, Sandler akiwa mmoja wao, mamlaka ya hakimiliki ya Marekani ilitoa msamaha unaoruhusu kuvuka kufuli za kidijitali ili kuchunguza vifaa vya tiba na ili mgonjwa apate data za kifaa kilichomo mwilini mwake. Msamaha wa aina hiyo hudumu miaka mitatu, kisha lazima uombwe upya.

Mwaka 2011 Sandler aliiacha ofisi ya Moglen na kuwa mkurugenzi mtendaji wa GNOME Foundation, shirika linalohudumia mradi wa GNOME, mazingira ya kazi yanayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux na ambayo yalianzishwa mwaka 1997 na Wameksiko wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena. Cheo hicho kina utata ambao mameneja wa kawaida hawaujui. Mkurugenzi wa kiwanda huamuru. Mkurugenzi wa shirika la programu huria hana wa kumwamuru. Waandishi wa msimbo ama wanajitolea, ama wanalipwa na kampuni nyingine, na maamuzi ya kiufundi hayapiti ofisini kwake. Sandler aliingia miezi michache baada ya GNOME 3 kutolewa, toleo lililobadilisha sura ya mfumo mzima na kuwagawanya watumiaji vibaya. Lawama zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja ambayo mkurugenzi angeweza kuitatua kwa sahihi yake. Alichoweza kufanya ni kutafuta fedha, kulinda jina, kuandaa mikutano na kuwasikiliza waliokasirika.

Kitu kilichokua chini ya mikono yake hakikuwa programu bali mafunzo. GNOME ilikuwa imejaribu mwaka 2006 kuwaita wanawake katika kazi ya majira ya joto. Mwaka 2010 Marina Zhurakhinskaya, mhandisi wa kampuni ya Red Hat aliyefariki mwaka 2022, aliufufua mpango huo, na Sandler akawa mshirika wake mkubwa. Miradi mingine ya programu huria ikaomba kujiunga. Kila mwanafunzi alilipwa posho, na posho hizo zilitoka kwa wafadhili. Ndipo ilipoonekana kwamba mafanikio nayo yanaweza kulitikisa shirika: GNOME ililipa wanafunzi kwa wakati, wakati wafadhili walichelewa kulipa ankara zao, na Aprili 2014 bodi ikatangaza kwamba akiba imekauka na matumizi yasiyo ya lazima yamesitishwa. Sandler alikuwa ameondoka muda mfupi tu kabla. Fedha zilidaiwa, zikalipwa, na shirika likasimama tena. Hata hivyo tukio hilo linafaa kusomwa na kila anayedhani kuwa shirika lisilo la faida hufa kwa kukosa wafadhili. Mara nyingi hufa likiwa na wafadhili wazuri wasiolipa kwa tarehe.

Mahali alipokwenda ni Software Freedom Conservancy, shirika lililoanzishwa New York mwaka 2006 na ambalo kabla yake liliongozwa na Bradley Kuhn, aliyewahi pia kuongoza Free Software Foundation kuanzia 2001 hadi 2005. Conservancy haiandiki programu. Inazilea. Mradi kama Git, Inkscape, Samba au Wine hauna mwili wa kisheria: ni kundi la watu waliotawanyika duniani ambao hawawezi kufungua akaunti ya benki, kusaini mkataba wa ukumbi, kumiliki jina lao au kupokea msaada unaotambuliwa na mamlaka ya kodi. Conservancy inawapa mwili huo. Fedha za mradi hukaa katika hesabu yake, nayo huchukua asilimia 10 ya mapato kwa ajili ya uendeshaji. Huku ndiko siku nyingi za mtetezi zinakoishia: risiti za tiketi za ndege, barua za viza, bima, ukaguzi wa hesabu, taarifa ya mwaka ya kodi ambayo kila raia anaweza kuisoma. Ni kazi kavu. Ukavu wake ndio unaomruhusu mwandishi wa Git kulala bila kuwaza benki.

Wakati huo serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa na mashaka kama kazi hii ni ya hisani. Mwaka 2013 ilifichuka kwamba mamlaka ya kodi iliyaweka maombi ya mashirika ya programu huria katika orodha ya yale ya kuchunguzwa kwa jicho la pekee. Shirika la Yorba, lililokuwa likitengeneza programu ya kupanga picha iitwayo Shotwell, liliomba hadhi ya hisani Desemba 2009 na kunyimwa Mei 2014. Miongoni mwa sababu ni kwamba programu zake zinaweza kutumiwa na mtu yeyote kwa shughuli yoyote, si na maskini au wahitaji peke yao. Haki ya kwanza kati ya zile nne ikawa kikwazo cha kusamehewa kodi. Mashirika yaliyokuwa na hadhi hiyo tayari, kama Conservancy, yakawa na thamani maradufu, kwa kuwa miradi mipya haikuwa na uhakika wa kuipata kwa njia yake yenyewe.

Suala zito zaidi katika uongozi wa Sandler ni la fedha na msimamo. Mkono mtupu haulambwi, na kampuni kubwa za teknolojia ndizo zenye cha kulambwa. Lakini kampuni hizo hizo, au wateja wao, ndizo mara nyingi zinazogawa Linux bila kutoa msimbo. Machi 2015 Christoph Hellwig, mmoja wa waandishi wa Linux, aliishtaki kampuni ya VMware huko Hamburg kwa madai ya kukiuka GPL, na Conservancy ikagharimia kesi. Mwishoni mwa mwaka huo shirika lilitangaza bayana kwamba kesi hiyo ilikuwa imewakimbiza baadhi ya wafadhili wa kampuni. Likageukia watu wa kawaida: dola 120 kwa mwaka kwa kila mwanachama, kwa hesabu kwamba wanachama 750 wangetosha kuendesha huduma za msingi, na 2,500 wangetosha kuendelea kusimamia leseni. Kesi yenyewe ilishindwa. Mahakama ya Hamburg iliitupa mwaka 2016, na rufaa ikatupwa Februari 2019, kwa kuwa Hellwig hakuthibitisha ipasavyo ni sehemu gani hasa za msimbo zilikuwa zake. Hata hivyo baada ya hukumu VMware ilitangaza kwamba itaiondoa sehemu iliyozozaniwa katika bidhaa yake. Mtetezi anaweza kushindwa mahakamani na akapata alichokitaka. Anaweza pia kupata alichokitaka akiwa amepoteza wafadhili.

Ipo njia nyingine, nayo inastawi. Linux Foundation ni taasisi tajiri ambayo kisheria si ya hisani bali ni chama cha wafanyabiashara, na inafanya kazi nzuri ya kuwakutanisha washindani mezani. Haiwapeleki wanachama wake mahakamani, wala haiwezi kutarajiwa kufanya hivyo. Januari 2016 ilibadilisha kanuni zake na kuondoa uchaguzi wa wajumbe wa bodi uliokuwa ukifanywa na wanachama binafsi, muda mfupi baada ya Sandler kutangaza nia ya kugombea. Sababu zilijadiliwa sana wakati ule. Matokeo hayana mjadala: mtu asiye na kampuni nyuma yake alifungiwa njia ya kura ya kuingia katika bodi hiyo. Ni kosa kuziona taasisi hizi mbili kuwa maadui, na ni kosa kubwa zaidi kuziona kuwa zinafanya kazi moja. Moja inawahudumia wanaotengeneza. Nyingine inajaribu kumhudumia anayenunua.

Ushahidi wa jambo hilo ni kesi dhidi ya Vizio. Oktoba 2021 Conservancy iliishtaki kampuni hiyo ya televisheni katika mahakama ya jimbo, Kaunti ya Orange, California. Madai hayakuwa ya mwenye hakimiliki, bali ya mnunuzi. Conservancy ilikuwa imenunua televisheni za Vizio dukani, ikakuta Linux na programu nyingine za GPL ndani yake, ikaomba msimbo, isipewe kilicho kamili. Hoja yake ni kwamba GPL ni mkataba ambao mnunuzi ni mmoja wa waliokusudiwa kunufaika nao, kwa hiyo ana haki ya kuudai. Haikuomba fidia, iliomba msimbo. Vizio ilijaribu kuihamishia kesi mahakama ya serikali kuu kwa hoja kwamba suala ni la hakimiliki peke yake, na Mei 2022 jaji akairudisha mahakama ya jimbo. Desemba 2023 jaji wa jimbo alikataa kuifuta kabla ya kusikilizwa. Hoja hiyo ikikubaliwa moja kwa moja, leseni haitategemea tena huruma ya waandishi wachache waliochoka kushtaki, na hilo ni badiliko kubwa kuliko ushindi wowote wa BusyBox.

Mtetezi wa programu huria huulizwa pia anaishi vipi. Mwaka 2019, katika mkutano wa FOSDEM mjini Brussels, Sandler na Kuhn walihutubia juu ya swali kama mtu anaweza leo kuishi kwa programu huria peke yake, na jibu lao la uaminifu lilikuwa kwamba ni vigumu mno. Mtu anayekataa kila programu iliyofungwa atakosa mikutano, fomu za shule ya watoto na simu za daktari. Ipo namna ya ukali katika harakati hii inayowageuza watu wema kuwa wakaguzi wa dhambi ndogondogo za wenzao, na mtu aliyebeba msimbo uliofungwa kifuani mwake ana kinga nzuri dhidi ya ukali huo: hawezi kujifanya msafi.

Harakati zenyewe si safi pia. Septemba 2019 Stallman alijiuzulu Free Software Foundation kufuatia lawama juu ya matamshi yake, na Conservancy ilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyosema hadharani kwamba hawezi kuwa msemaji wa harakati. Machi 2021 alirejea katika bodi. Sandler, aliyekuwa amepokea tuzo ya shirika hilo hilo kwa mwaka 2017, hakunyamaza kwa ajili ya tuzo. Mwaka huo huo wa 2017 ofisi ya Moglen, alikoanzia kazi ya programu huria, iliwasilisha ombi la kufuta alama ya biashara ya Conservancy. Anayedhani kwamba mashirika ya hisani hayana ugomvi wa nyumbani hajawahi kukaa katika bodi.

Yale mafunzo ya wanawake yalihamia Conservancy mwaka 2015 na kuitwa Outreachy, yakapanuliwa kuwapokea watu wa makundi mengine yaliyobaki nyuma katika teknolojia. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, kwa miezi mitatu, kwa njia ya mtandao, kwa posho ya dola 7,000. Kufikia mwaka 2023 yalikuwa yamewapokea watu zaidi ya 1,000, wakiwemo wengi kutoka Afrika: Nigeria, Kameruni, Kenya, Uganda. Pengine ndicho kitu kitakachobaki cha Sandler pindi kesi zote zitakaposahauliwa, ingawa Chuo Kikuu cha KU Leuven cha Ubelgiji, kilichompa udaktari wa heshima mwaka 2023, huenda kilikuwa na mizani nyingine. Wanafunzi hao huingia katika programu huria kwa mlango wa kulipwa. Kujitolea ni anasa ya aliyekwisha kula.

Kwa anayesoma haya Afrika Mashariki, yapo mawili ya kufanya. Maombi ya Outreachy yako wazi kwa watu wa nchi nyingi za dunia, na Kiswahili hakimzuii mtu kuomba, ingawa kazi yenyewe hufanyika kwa Kiingereza. La pili halihitaji hata maombi. Ruta, king'amuzi au televisheni iliyonunuliwa Kariakoo au Luthuli, ikiwa ina Linux ndani, lazima ije na msimbo wake au na ahadi ya maandishi ya kuutoa, na ahadi hiyo, kwa mujibu wa toleo la pili la GPL, hudumu angalau miaka mitatu na ni kwa mtu yeyote. Fungua orodha ya mipangilio, tafuta sehemu ya taarifa za kisheria, isome, kisha uandike barua kwa mtengenezaji uudai msimbo huo.